Daftari la sabuni: kuhesabu kabla ya kulaumu

KISANGANI, Tshopo – Katika parseli moja ya komini ya Mangobo, wamama tisa wanapika sabuni ya mawese. Watano ni wenyeji wa hapo. Wanne walivuka mto kutoka Lubunga wakikimbia vita. Kuna pia kijana mmoja wa miaka kumi na tisa, naye ni mkimbizi wa ndani, ambaye kazi yake ni kukoroga. Kwa muda wa miezi minne, kila sabuni ilipoharibika, jibu lilikuwa moja tu: ni kijana.

Mwanzoni walisema hajui kukoroga. Baadaye walisema anakoroga kwa uvivu. Mwishowe neno likawa baya zaidi: anafanya makusudi. Kila mtu katika parseli ile alijua neno hilo lilikotoka, ingawa hakuna aliyelitamka mbele ya watoto. Kijana na wale wamama wanne wanatoka upande mmoja wa mto, lakini si wa kabila moja. Ugomvi wa ardhi kati ya Wambole na Walengola, ulioanza Lubunga Februari 2023, uliwafukuza wote, kila mmoja akimkimbia ndugu wa mwenzake.

Mama anayeshika feza za kikundi ni mmoja wa wale wanne. Lubunga ndiyo komini pekee, kati ya komini sita za Kisangani, iliyo ukingo wa kushoto wa mto Kongo, na huko ndiko alikozaliwa, akaolewa, akalima. Siku aliyoondoka alivuka kwa mtumbwi na watoto wanne na furushi moja la nguo. Shamba la muhogo lilibaki. Mbuzi walibaki. Kitu alichobeba bila kukusudia kilikuwa daftari la shule la binti yake, lenye kurasa nyingi tupu. Majirani wa Mangobo sasa wanamwita Mama Daftari, na jina hilo lina kisa chake.

Kazi ya sabuni ilianza na likelemba. Kila wiki wamama walitoa kiasi kidogo, na ilipofika zamu yake, Mama Daftari hakununua unga wala viatu vya watoto. Alinunua bidoni moja ya mawese na soda kostiki, akawaambia wenzake: tusipokee tu, tuuze. Wazo halikuwa geni. Mafuta ya jimbo hili yametengeneza sabuni kwa zaidi ya miaka mia moja. Mwaka 1911 kampuni ya Lever, iliyojulikana Uingereza kwa sabuni ya Sunlight, ilipata mashamba makubwa ya michikichi katika Kongo ya Wabelgiji, na moja ya vituo vyake lilikuwa Elisabetha, pale panapoitwa Lokutu leo, katika wilaya ya Basoko. Mawese yalishuka mto na sabuni ikapikwa mbali. Wamama wa Mangobo walitaka kuipika hapa hapa.

Kupika sabuni si kazi ngumu kuieleza. Soda hutiwa ndani ya maji polepole, na kamwe maji hayamwagwi juu ya soda, kwa sababu hurukia usoni na kuunguza. Mchanganyiko huachwa upoe. Kisha humiminwa katika mafuta ya vuguvugu na kukorogwa mpaka uzito ufanane na uji wa mtoto. Humwagwa katika sanduku la mbao lililotandikwa plastiki, na kesho yake au keshokutwa sabuni hukatwa vipande, halafu huachwa wiki kadhaa ikauke. Sanduku moja la kikundi hiki hutumia litre 5 za mawese na gramu 600 za soda. Kwa wiki wanapika masanduku manne, kwa hiyo bidoni ya litre 20 inaisha.

Shida ilikuwa kwamba masanduku mengine hayakuganda. Kipande kilikuwa laini kama ugali wa jana, kinatoa jasho la mafuta, kinachafua nguo badala ya kuisafisha. Sabuni ya namna hiyo haina mnunuzi, na anayeinunua mara moja harudi tena. Kufikia mwezi wa nne kikundi kilikuwa kinadaiwa bidoni tatu na muuzaji wa bandarini, na wamama wawili walikuwa wameacha kutoa mchango wao.

Jumamosi moja mkutano uliitishwa ili kumfukuza kijana. Yeye mwenyewe alikuwepo, amekaa juu ya bidoni tupu, anatazama chini. Alipoulizwa aseme alichonacho, alisema maneno machache: "Mama zangu, mimi nakoroga kama mlivyonifundisha."

Aliyezuia uamuzi hakuwa mwanakikundi. Alikuwa mhitimu wa Chuo Kikuu cha Kisangani, mtoto wa jirani, aliyekuwa akiwasaidia kupanga hesabu za likelemba. Aliuliza swali moja: "Mumehesabu?" Wamama wakasema hawana haja ya kuhesabu, wanaona kwa macho. Akauliza tena: mwezi uliopita masanduku mangapi yaliharibika? Mmoja akasema matatu. Mwingine akasema kumi. Mama Daftari, mwenye sanduku la feza, akasema hajui. Kunyamaza kulikofuata ndiko kulikompa kijana wiki sita zaidi.

Njia aliyowaeleza yule mhitimu inajulikana duniani, ingawa viwanda vinaipamba kwa majina makubwa. Mizizi yake ni ya zamani. Mwaka 1924, Mmarekani Walter Shewhart alichora mchoro wa kwanza wa kufuatilia kazi ya kiwanda kwa namba, ili mkubwa wa kazi atofautishe kosa la kawaida na kosa lenye sababu yake maalumu. Mwaka 1950 mwenzake, W. Edwards Deming, alikwenda Japani kufundisha mawazo hayo kwa nchi iliyokuwa ikijijenga upya baada ya vita. Mwaka 1986 kampuni ya Motorola ya Marekani, kupitia injinia Bill Smith, ilianzisha njia iliyoitwa Six Sigma, yenye lengo kali la makosa yasiyozidi 3.4 katika kila nafasi milioni moja.

Wapishi wa sabuni wa Mangobo hawahitaji milioni. Wanachohitaji ni hatua zake tano, na yule mhitimu aliziandika kwa chaki ukutani: taja shida yenyewe, pima, tafuta chanzo, rekebisha, linda kilichorekebishwa. Akaongeza onyo: mtu asiruke kutoka hatua ya kwanza kwenda ya nne. "Nyinyi," alisema, "mmetaja shida leo asubuhi na mnataka kurekebisha leo mchana kwa kumfukuza mtu."

Hatua ya kwanza peke yake ilichukua saa nzima. Wamama walitaka waandike "kijana anaharibu sabuni." Mhitimu akakataa, kwa sababu hiyo ni hukumu, na shida bado haijatajwa. Mwishowe wakakubaliana: masanduku mengine hayagandi baada ya siku mbili. Hapo ndipo daftari la shule lilipofunguliwa, likachorwa mistari kwa rula. Safu ya kwanza ni tarehe na siku. Ya pili ni nani amekoroga. Ya tatu, mafuta yamenunuliwa wapi. Ya nne, soda imenunuliwa lini. Ya tano, hali ya hewa. Ya sita ni alama moja tu, nzuri au mbaya, na wote walikubaliana namna ya kuitoa: baada ya siku mbili, kidole gumba kikizama katika kipande, ni mbaya. Juu ya ukurasa wa kwanza, lakini, Mama Daftari aliandika kwa mkono wake kichwa ambacho hakumwonyesha mtu: "Sabuni za kijana zilizoharibika."

Kwa wiki sita waliandika. Masanduku 24 yalipikwa, na 9 yalikuwa mabaya. Jioni waliyokaa kuhesabu, jibu lilionekana wazi, na lilikuwa dhidi ya kijana. Siku za Jumatatu na Jumanne hukoroga mama mmoja mzee, anayejulikana kwa mkono mzuri. Katika masanduku yake 12 moja tu liliharibika. Siku za Ijumaa na Jumamosi hukoroga kijana. Katika masanduku yake 12 yaliharibika 8.

Wamama walipiga makofi. Namba zilikuwa zimesema walichosema wao. Mama Daftari anasema usiku ule hakulala vizuri, na sababu haikuwa huruma. Alikuwa amependa jibu lile kupita kiasi. Alikumbuka jinsi huko Lubunga habari zilivyopita nyumba kwa nyumba: fulani wameonekana na mapanga, fulani wanajiandaa. Kila mtu aliamini haraka kwa sababu habari ilifanana na hofu aliyokuwa nayo tayari. Hakuna aliyekwenda kutazama.

Asubuhi alikwenda kwa mhitimu na daftari mkononi. Yeye hakulitazama muda mrefu. Akasema: "Mama, hii inaonyesha kwamba sabuni inaharibika mwisho wa wiki. Kijana yuko mwisho wa wiki. Ni nini kingine kiko mwisho wa wiki?"

Swali hilo ndilo moyo wa hatua ya tatu, na ndilo ambalo watu wengi hulipita mbio. Vitu viwili vikitembea pamoja, kimoja si lazima kiwe kimeleta kingine. Jogoo huwika kila alfajiri, wala si yeye anayelileta jua. Katika viwanda vya Toyota vya Japani, injinia Taiichi Ohno aliwazoesha wafanyakazi kuuliza "kwa nini" mara tano mfululizo, ili wasiishie kwenye jibu la kwanza bali wafike kwenye chanzo chenyewe cha shida.

Wakarudi kwenye safu ya nne, ile ambayo hakuna aliyekuwa ameitazama. Soda ilinunuliwa kila Jumatatu asubuhi, kilo mbili na nusu, katika mfuko wa plastiki. Mfuko ulifunguliwa siku hiyo hiyo, ukafungwa kwa fundo, ukawekwa chini ya meza karibu na ndoo za maji. Jumatatu na Jumanne soda ilikuwa ya siku moja au mbili. Ijumaa na Jumamosi ilikuwa imekaa wazi siku nne au tano.

Lakini hilo nalo lilikuwa dhana tu, na mhitimu hakutaka waibadilishe hukumu moja kwa nyingine. Akapendekeza jaribio: kwa wiki tatu wakorogaji wabadilishane siku, kingine chochote kisiguswe. Hapo kulikuwa na gharama ambayo daftari halikuwa na safu yake. Kuanzia Jumatatu hadi Alhamisi kijana huendesha toleka ya mtu mwingine, akibeba abiria kwa baiskeli kutoka Mangobo hadi soko kuu, na hiyo ndiyo chakula cha mama yake na wadogo zake wawili. Kukoroga Jumatatu na Jumanne kulimaanisha kupoteza siku mbili za toleka kila wiki, siku sita kwa jumla. Alikubali bila kubishana. Hakuna aliyemuuliza siku hizo atakula nini.

Wiki tatu zilipita, masanduku 12. Kijana alikoroga masanduku 6 ya mwanzo wa wiki, na yote yaliganda. Yule mama mzee mwenye mkono mzuri alikoroga 6 ya mwisho wa wiki, na 4 yaliharibika. Alipolisoma daftari alicheka, kisha akanyamaza, kisha akasema: "Basi na mimi mnifukuze."

Chanzo kikajulikana, na mtu yeyote aliyesoma kemia kidogo angekieleza. Soda kostiki hunywa unyevu wa hewa. Kisangani iko karibu na ikweta, mvua inanyesha karibu mwaka mzima, na hewa yenyewe ni maji. Soda iliyoachwa wazi huvuta maji mpaka ishikane na kulowa, na pia hushikana na hewa chafu ya kaboni na kupungua nguvu. Gramu 600 zinazopimwa Ijumaa si gramu 600 za soda tena. Sehemu yake ni maji. Mafuta hukosa soda ya kutosha kuyageuza, na mengine hubaki mafuta. Ndilo lile jasho kwenye vipande.

Marekebisho hayakugharimu sana. Wamama walinunua chombo cha plastiki chenye mdomo mpana na kifuniko cha kukaza, wakakiweka juu ya rafu, mbali na maji na watoto. Soda inanunuliwa sasa mara mbili kwa wiki, nusu Jumatatu na nusu Ijumaa. Kopo la kupimia limeachwa, na mizani ndogo ya jikoni imechukua nafasi yake. Katika wiki nne zilizofuata, kati ya masanduku 16, moja tu liliharibika, na daftari lilisema kwa nini: mafuta ya siku hiyo yalitoka kwa muuzaji mpya na yalikuwa yamechanganyika na maji. Tangu siku hiyo kila bidoni hujaribiwa kabla ya kulipwa: kijiko kimoja cha mafuta hupashwa motoni, na yakilia na kuruka, yana maji.

Hatua ya tano, kulinda, ndiyo inayowashinda wengi, kwa sababu furaha ya kupata jibu huisha na uzembe hurudi. Hapa kuna mfano wa karibu katika lugha yetu hii hii. Tangu mwaka 2007, hospitali za Tanzania, kwa kuanzia na hospitali ya rufaa ya Mbeya, zimekuwa zikitumia njia ya Kijapani ya kupanga kazi kwa msaada wa shirika la JICA, na hatua zake zimepewa majina ya Kiswahili yanayoshikika haraka: sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia. Neno la mwisho ndilo gumu. Katika parseli ya Mangobo kushikilia kunamaanisha karatasi moja ukutani yenye miraba ya wiki nzima, na mtoto yeyote anayepita anaweza kuona kama mraba wa leo umejazwa.

Deni la bidoni tatu bado halijaisha lote. Mbili zimelipwa. Wale wamama wawili walioacha mchango, mmoja amerudi. Mwingine alisema hawezi kukaa meza moja na kijana wa kabila lile, namba ziseme zinavyosema. Daftari halikuweza kitu hapo. Wala haliwezi kitu juu ya bei ya mawese inapopanda, au juu ya shamba la muhogo lililobaki ng'ambo ya mto. Linajibu maswali yale tu mtu aliyokubali kuyaandika, na katika wiki sita za kwanza lilikaribia kumhukumu mtu asiye na kosa, kwa sababu wasomaji walitazama safu moja na kuziacha nyingine tano.

Deming alifundisha mpaka uzeeni kwamba sehemu kubwa ya makosa kazini hutokana na namna kazi ilivyopangwa, na sehemu ndogo tu hutokana na mkono wa mfanyakazi. Kwa familia zilizohama hilo si neno la kiwandani peke yake. Mtu aliyepoteza nyumba anatafuta wa kumlaumu, na aliye karibu ndiye anayelaumiwa kwanza: mtoto wa kambo, jirani mpya, mtu wa kabila lile.

Anayetaka kuanza hahitaji mashini. Daftari na kalamu vinatosha, awe anauza mandazi, samaki wa Wagenia, makala au vocha za simu. Ataje shida moja kwa maneno ambayo hayana jina la mtu ndani yake. Aandike kila siku, hata siku mbaya, hasa siku mbaya. Asiangalie safu moja. Akiona jibu analolipenda, alijaribu kwa kubadilisha kitu kimoja tu. Na kabla hajaanza, aulize jaribio hilo litamgharimu nani.

Swali hilo la mwisho wamama wa Mangobo walilijifunza wakiwa wamechelewa. Katika mkutano wa kufunga hesabu, Mama Daftari alisimama akamwomba kijana msamaha mbele ya wote, akamwonyesha kile kichwa cha ukurasa wa kwanza. Alikuwa hajaupasua ukurasa. Alikuwa amekikata kwa mstari mmoja na kuandika juu yake: "Soda iliyoachwa wazi." Kijana alisoma, akafunga daftari, akasema: "Ni sawa, mama." Kisha akauliza kama zile siku sita za toleka zitaandikwa mahali.

Hakuna aliyekuwa amefikiria. Walijadiliana, wengine wakisema kikundi bado kina deni, wengine wakisema hilo nalo ni deni. Mwishowe Mama Daftari alichukua rula, akachora safu ya saba, na katika mstari wa kwanza akaandika siku sita, jina la kijana, na kiasi cha franka alichotaja mwenyewe. Nusu imelipwa. Nusu nyingine, kikundi kimeahidi, italipwa kabla ya bidoni ya tatu.